Basi la ngoma kwenye FL Studio: yanayosemwa na yalivyo

Maprodyuza wengi wa Bongo Fleva wanafanyia kazi FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, na miksa yake ina traki (njia za sauti) zaidi ya 100 mbali na masta, traki ya mwisho zinapokutana zote. Nafasi ipo tele. Kinachosumbua ni njia. Basi (bus) si kifaa cha pekee: ni traki ya kawaida unayoichagua ipokee sauti za traki nyingine kabla hazijafika masta.

"Ngoma zikiingia basi moja, zinashikamana."

Basi tupu linajumlisha tu. Kitelezi cha sauti kikiwa kwenye 0 dB (desibeli) na plagini, yaani programu ndogo ya kubadili sauti, hakuna, unasikia kilekile ulichokuwa ukisikia. Kinachoshikanisha ni kompresa utakayoweka humo, plagini inayobana sauti zinazovuka kiwango fulani. Anza na uwiano (ukali wa kubana) wa 4:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 30 ili kishindo cha mwanzo cha sneya kipite kabla hakijabanwa, rilisi (muda wa kuachia) milisekunde 100, kisha shusha kizingiti (kiwango kinachoanzisha kubana) hadi mita ionyeshe kupungua kwa 2 au 3 dB. Ukiona 8, umeshaua biti (mdundo).

"Nimebonyeza mshale wa basi, kazi imekwisha."

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukichagua traki ya kiki (ngoma kubwa ya chini), ukabonyeza kushoto mshale ulio chini ya traki ya basi, umeongeza njia mpya, lakini ile ya zamani ya kwenda masta bado iko wazi. Kiki inafika masta mara mbili. Basi likiwa tupu, sauti hizo ni pacha, na zikijumlishwa zinapanda 6 dB. Mtu anafurahi akidhani basi limempa nguvu. Akiweka kompresa, inabana sauti moja huku pacha wake akipita pembeni. Kwa hiyo anashusha kizingiti, anashusha tena, anashangaa mbona haishiki.

Dawa: shikilia Ctrl na Shift, chagua traki zote za ngoma, bonyeza kulia mshale wa basi, uchague "Route to this track only". Halafu pima. Teremsha kitelezi cha basi hadi chini kabisa, ucheze biti. Ngoma itakayosikika bado ina njia ya pembeni.

Mara nyingine kitakachosikika si sneya yenyewe bali rivabu (mwangwi) yake, inaelea kama mzimu. Hilo lina sababu nyingine: sneya inatuma sauti kwenye traki ya rivabu kabla haijafika basi, na rivabu inakwenda masta kivyake. Ukishusha basi kwenye ubeti, sneya inapungua, rivabu inabaki palepale. Elekeza traki ya rivabu iingie kwenye basi la ngoma nayo, na iingie huko tu.

Reaper, programu nyingine ya muziki, ina mtego huohuo wa njia mbili: ukituma traki kwenye basi, ondoa alama ya "Master send". Ukiziweka ndani ya folda, traki mama inazikusanya yenyewe.

"Kwa hiyo njia mbili ni kosa siku zote."

Si kosa ukikusudia. Basi la pili lenye kompresa kali, 10:1 na ataki ya milisekunde 1 au 2, likichanganywa chini ya lile la kwanza, linanenepesha ngoma bila kufuta vishindo. Anza kitelezi kikiwa chini kabisa, kipandishe hadi uhisi tofauti, kisha kirudishe kidogo. Angalia ucheleweshaji: plagini ikichelewesha njia moja kwa milisekunde 1 tu bila programu kufidia, masafa ya 500 Hz, 1,500 Hz na 2,500 Hz yanafutana, na sneya inakuwa kama bati.

"Kila kinachogongwa kiingie humo."

Kiki ndiyo yenye nguvu nyingi za chini, kwa hiyo ndiyo inayoiamuru kompresa. Kila ikipiga, haihati (matoazi madogo) zinazama. Kama hutaki mtikisiko huo, kompresa yenye kichujio kwenye upande wake wa kusikiliza iwekee ikate chini ya 100 Hz. Isiyo nacho, toa kiki nje ya basi. Log drum ya amapiano usiiingize kabisa. Hiyo ni besi, jina lisikudanganye.

"Basi likiwaka jekundu, sauti imepasuka."

Ndani ya miksa bado, kwa sababu FL Studio inakokotoa kwa biti 32 zenye nukta ieleayo, hesabu isiyokata sauti ikivuka 0 dB. Inapasuka masta ikivuka 0 dB kwenda kwenye kadi ya sauti, au ukitoa WAV ya biti 16 au 24. Kushusha kitelezi cha basi kunatosha, isipokuwa plagini zinazoiga vifaa vya kale, ambazo hukwaruza zikilishwa kupita kiasi. Kitelezi kinakuja baada ya plagini, hakizisaidii. Hapo shusha traki za ngoma zenyewe, kisha upange upya kizingiti cha kompresa.