Njia nne si nakala nne: maana ya multipathi

Safari hii nimeisikia kwenye kikao cha bajeti: "Storeji yetu ina multipathi, data iko mara nne, bekapu ya nini tena?" Hakuna aliyepinga, na fungu la bekapu likakatwa.

Multipathi ni utaratibu wa seva kuifikia diski moja iliyo kwenye storeji, yaani mtambo wa pamoja wa kuhifadhi data, kwa njia zaidi ya moja. Chukua mpangilio wa kawaida: seva ina kadi mbili za faiba, kila kadi imechomekwa kwenye swichi yake, na kila swichi inafika kwenye kontrola zote mbili za storeji, yaani vidhibiti vinavyoendesha diski zake. Mbili mara mbili, njia nne. Basi.

Kosa huzaliwa pale Linux inapoipa kila njia jina lake, kana kwamba ni diski kamili. Diski ya GB 500 inatokea kama sdb, sdc, sdd na sde, na mgeni akijumlisha anapata TB 2. Programu ya multipathi husoma kitambulisho cha diski, WWID, ikakuta zote nne zina kitambulisho kimoja, ikazifunga chini ya jina moja, mfano mpatha ndani ya /dev/mapper. Hilo ndilo jina la kutumia. Aliyeweka data kwenye sdb leo, kesho akafomati sdc akidhani ni diski tupu, amefuta kazi yake mwenyewe.

Tazama maneno yenyewe. Nakala limetoka katika Kiarabu, naqala: kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali, na pia kunukuu maandishi. Ukiwa na nakala una kitu cha pili, mahali pengine. Njia ni la Kibantu, ndugu wa njĩra ya Kikuyu na inzira ya Kinyarwanda, nalo halibebi kitu ndani yake. Ni pa kupita tu. Vichochoro vinne vinavyokwenda kisima kimoja havifanyi visima vinne, na kisima kikiingia chumvi utateka chumvi kwa kichochoro chochote utakachopita. Amri ya kufuta jedwali ni hivyohivyo: ikishapita njia moja, zile tatu zilizobaki hazina cha kukurudishia.

Wengine husema "njia mbadala". Hawako mbali sana, ila mbadala ni wa kukaa badala ya mwingine, anasubiri mwenzake aanguke. Kuna storeji ambazo njia zote nne hubeba mzigo kwa pamoja. Nyingine hutangaza kwa ALUA, kanuni ya storeji kuiambia seva njia zipi ni bora, kwamba njia za kontrola inayoimiliki diski zitangulie, zile nyingine zikae pembeni. Hapo ndipo mbadala linapofaa. Mimi nasema njia nyingi, na ziwe zimeachana kweli. Poti mbili za kadi moja zilizochomekwa kwenye swichi moja zitahesabiwa njia mbili hadi siku swichi hiyo itakapozima.

Kwa hiyo kikao kijacho, mwenzangu, sema hivi: seva yetu ina njia nne za kuifikia diski moja, swichi moja ikizima tunabaki na mbili na kazi inaendelea. Halafu fungu la bekapu liombwe upya, kwa jina lake.