Chupa mpya za msimu, na dhana potofu kuhusu mvinyo wa Dodoma

Mavuno ya Agosti na Septemba yamekwisha. Matangi yamejaa, makapi tumeyarudisha shambani yawe mbolea, na watoto wamerudi shule na vidole vya zambarau. Kwa familia yetu, yenye ekari chache za mizabibu nje kidogo ya jiji, huu ndio wakati wa kutoa chupa mpya. Safari hii ni mbili: mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu, wa zabibu za Chenin Blanc tulizovuna Machi, na mwekundu wa zabibu za Makutupora, aina nyekundu ya hapa Dodoma, uliotulia tangini tangu Septemba ya mwaka jana.

Wageni wanaokuja kuonja huja na maswali, na tunayapenda maswali yao. Lakini mengi yamesimama juu ya mambo yasiyo ya kweli, na baadhi yake yanaweza kumdhuru mtu. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

“Mzabibu wa Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, wenyewe tu”

Nusu yake ni kweli. Tunavuna mara mbili, lakini anayeamua ni mkasi. Kule Ulaya mzabibu hupukutisha majani, ukalala kipindi chote cha baridi, kisha ukaamka. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, barafu haianguki, na mzabibu haulali. Mkulima akipogoa, macho ya tawi huchipua, maua yakafuata, na baada ya takriban miezi minne vichala viko tayari. Ukipogoa Oktoba au Novemba, unavuna Februari au Machi. Ukipogoa Aprili au Mei, unavuna Agosti au Septemba. Wakulima wa bonde la mto São Francisco kule Brazili, nao wakiwa karibu na ikweta, huvuna zaidi ya mara moja kwa njia hiyo hiyo.

Na mavuno hayo mawili si mapacha. Yale ya mwanzo wa mwaka hukomaa ndani ya mvua, ambayo Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Huo ndio msimu wa ubwiri, ugonjwa wa ukungu, wa kutembea na bomba la dawa mgongoni, na wa kuangalia mawingu kila jioni. Zabibu hunywa maji, sukari hupungua, na mara nyingine unavuna mapema kuliko ulivyotaka kwa kuhofia kuoza. Mavuno ya pili hukomaa kiangazi. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, mchana jua liko wazi, magonjwa ni machache, na sukari hupanda vizuri. Ila kiangazi kina bei yake: bila maji ya kumwagilia hakuna mavuno ya pili ya kujivunia, na mkulima asiye na kisima analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana kwetu mwaka ulioandikwa kwenye chupa hautoshi. Mwaka mmoja una misimu miwili yenye tabia tofauti kabisa. Kuanzia toleo hili tumeandika na mwezi wa mavuno kwenye lebo. Chenin ya Machi ni nyepesi na ina ukali wa ndimu kwa sababu ya mvua ile, na kwa mvinyo mweupe mkavu jambo hilo linafaa. Mwekundu tunauacha kwa zabibu za kiangazi. Ukinunua mvinyo wa Dodoma kwa mtengenezaji yeyote, muulize ni wa mavuno yapi. Hakuna swali litakalokuambia mengi kuliko hilo.

“Mvinyo wa hapa ni mtamu kwa sababu wanatia sukari”

Kwa Watanzania wengi Dodoma ni Dompo, yaani mvinyo mtamu, na mtu akionja mkavu kwa mara ya kwanza hukunja uso na kusema umechacha. Shangazi yangu mmoja, ambaye amepalilia mizabibu maisha yake yote, alisema hivyo hivyo.

Utamu na ukavu huamuliwa na chachu. Zabibu iliyoiva vizuri hutoa juisi yenye karibu gramu 220 za sukari kwa lita. Chachu huila sukari hiyo na kutoa pombe na hewa ya kaboni, na kila gramu 17 hivi kwa lita hugeuka kuwa asilimia moja ya pombe. Ukiiacha chachu imalize kazi, unapata mvinyo wa asilimia 13 hivi, na utamu umekwisha. Huo ndio mkavu. Mvinyo mtamu hupatikana kwa njia kadhaa: kuizuia chachu kabla haijamaliza, kuongeza pombe kali ambayo huiua chachu sukari ikiwa bado ipo, au kutia kitu kitamu mwishoni. Kwa hiyo kuna mvinyo mtamu ambao haukuongezwa hata kijiko kimoja cha sukari. Mvinyo uliochacha kweli utautambua kwa pua kabla ya ulimi, kwa sababu hunuka siki.

Kuna na jina linalowachanganya wageni, “mchuzi wa zabibu”. Si juisi ya watoto. Ni mvinyo ambao haujamaliziwa, unaosafirishwa kwenye matangi kwenda kwa viwanda vya vinywaji. Wakulima wengi wa Mpunguzi, Hombolo na kwingineko wanaendesha maisha kwa mchuzi huo, kwa sababu zabibu mbichi haisubiri soko. Siku chache tu baada ya kukatwa imeanza kulainika.

“Mvinyo mwekundu unaongeza damu”

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kila msimu hakosi mtu anayetaka chupa ya mwekundu ampelekee mjamzito, au mama aliyejifungua juzi, ili apate damu. Huwa hatumuuzii kwa sababu hiyo, na tunamweleza kwa nini.

Rangi ya mvinyo hutoka kwenye ganda la zabibu. Juisi ya zabibu nyingi nyekundu ni nyeupe ukiikamua bila kuiloweka na maganda, na ndiyo maana mvinyo mweupe unaweza kutengenezwa hata kwa zabibu nyekundu. Wekundu wa damu ni kitu kingine kabisa, ni madini ya chuma yaliyo ndani ya chembe zake. Mvinyo una chuma kidogo sana, na ule ukakasi unaokausha ulimi huzuia mwili kufyonza chuma cha mboga na nafaka, kama chai inavyofanya ikinywewa pamoja na chakula. Halafu kuna pombe yenyewe, ambayo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Mjamzito asinywe kabisa. Dawa ya damu iko kliniki, ni vile vidonge vya chuma na foliki asidi, pamoja na maini, dagaa, maharage na mboga za majani.

Sisi tunaishi kwa kuuza mvinyo, na bado hatuuiti dawa. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Anayenywa anywe kidogo, kwa ladha na kwa mazungumzo ya mezani.

“Ukikaa miaka mingi ndiyo unanoga”

Mvinyo mwingi duniani, na wetu ukiwemo, hutengenezwa unywewe ukiwa mchanga. Chenin hii ya Machi itakuwa tamu kwa maana ya kupendeza mwaka huu na ujao. Baada ya hapo harufu ya matunda itaanza kufifia. Wanaoweka chupa miaka 20 wana mvinyo uliotengenezwa kwa ajili hiyo, na wana stoo ya baridi isiyobadilika. Chupa iliyowekwa juu ya kabati Dar es Salaam, au dirishani dukani, hupikwa na joto kwa miezi michache tu. Iweke mahali penye giza na ubaridi. Kama ina kizibo cha gome, ilaze ili kizibo kisikauke. Kama ina kifuniko cha kuzungusha isimamishe tu, na usiidharau, maana kifuniko hicho hakisemi lolote kuhusu ubora.

Na ule usemi kwamba mwekundu hunywewa kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi. Chumba chetu kina nyuzi 28. Utie kwenye friji kama nusu saa kwanza.

Mwekundu wa Septemba hii bado uko tangini, mkali na wenye kelele kama mtoto mchanga. Tutauonja tena Desemba, mvua zikianza, tukiwa tumekwisha beba bomba la dawa kwa ajili ya vichala vya Machi.