Kuiombea nchi kwa Bikira Maria: Wakatoliki wanamaanisha nini

Anayetaka kuelewa Wakatoliki wanamaanisha nini wanaposema wanaiombea nchi yao kwa Bikira Maria, aanze na kitenzi chenyewe. Katika Litania ya Bikira Maria, sala ya kupokezana kati ya kiongozi na waumini, kiongozi humtaja kwanza Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na waumini hujibu "utuhurumie". Akifika kwa Maria, kiitikio hubadilika papo hapo kuwa "utuombee", na hubaki hivyo mpaka sifa zake zote ziishe, ikiwemo ile ya Malkia wa Amani ambayo Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliiongeza mwaka 1917, vita kuu ikiwa bado inaendelea. Kuomba ni kutaka kitu kwa mwenye nacho, ilhali kuombea ni kusimama mbele ya mwenye nacho kwa ajili ya mtu mwingine. Katika imani ya Kikatoliki mwenye nacho ni Mungu, na Maria ni mwenye kuombea.

Ndiyo maana Kanisa hutenganisha kuabudu, ambako ni kwa Mungu peke yake, na heshima wanayopewa watakatifu, ambayo kwa Maria ni kubwa kuliko kwa wengine wote, lakini haivuki mpaka huo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba nafasi ya Maria haipunguzi wala haiongezi chochote katika kazi ya Kristo aliye mpatanishi mmoja. Wakristo wengi wa madhehebu mengine hawaridhiki na maelezo hayo, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa sura ya pili ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo inamtaja mpatanishi mmoja tu kati ya Mungu na wanadamu. Mkatoliki naye hukumbusha kwamba sura hiyohiyo huanza kwa kuwataka waumini waombeane, na wawaombee hasa wafalme na wote wenye mamlaka. Kama jirani anaweza kuniombea bila kumpokonya Kristo nafasi yake, basi mama yake Kristo naye anaweza. Mfano unaotajwa mara nyingi ni arusi ya Kana katika Injili, ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai. Huko Maria hakutengeneza divai wala hakumpangia mwanawe la kufanya, bali alimwambia tu kwamba hawana divai.

Kuiombea nchi ni kuipeleka haja ya namna hiyo kwa niaba ya watu wote, wakiwemo wasiosali na wa dini nyingine. Wakati mwingine sala hiyo huchukua sura rasmi zaidi, pale maaskofu au mtawala wanapoiweka nchi wakfu kwa Maria. Neno wakfu tumelipata kwa Kiarabu, na watu wa pwani wanalijua kwa shamba au nyumba ambayo haiuzwi wala hairithiwi. Kwa maana kali, kinachowekwa wakfu huwekwa kwa Mungu. Kwa hiyo wanapomtaja Maria, wanateolojia wengi hupendelea kusema nchi inakabidhiwa kwake, yaani inawekwa katika ulinzi na maombezi yake.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa undani ni wa Poland. Mwaka 1655 majeshi ya Sweden yaliivamia nchi hiyo na sehemu yake kubwa ikaanguka mikononi mwao, hata mfalme Yohane Kasimiri akalazimika kukimbia. Aliporejea, tarehe 1 Aprili 1656, alisimama katika kanisa kuu la Lwów, mji ambao leo ni Lviv wa Ukraine, akamtangaza Maria kuwa Malkia wa Poland na kuuweka ufalme wake chini ya ulinzi wake. Watu wengi hukumbuka cheo hicho cha Malkia na kusahau kwamba katika kiapo hichohicho mfalme aliahidi kuwaondolea watu wa chini mizigo na dhuluma walizotwishwa, kwa sababu aliyaona mateso ya nchi kuwa adhabu ya Mungu kwa sababu ya kilio chao. Kwangu mimi, maneno hayo ndiyo yanayoifafanua dhana yenyewe: anayeombea nchi anakiri pia makosa ya nchi. Hata hivyo ahadi hiyo haikutimizwa: vita vilikwisha, lakini wakulima wa Poland walibaki watumwa wa mashamba ya mabwana hadi karne ya 19.

Kutoka hapo inaeleweka pia kwa nini sala hii haipaswi kuwa silaha ya taifa moja dhidi ya jingine, ingawa historia ina wafalme waliotamani iwe hivyo. Tarehe 25 Machi 2022, katika Basilika la Mtakatifu Petro, Papa Fransisko aliziweka Urusi na Ukraine katika sala moja, akizikabidhi zote mbili kwa Moyo Safi wa Maria.

Kwetu, msimamizi wa Tanzania ni Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na sherehe yake ya tarehe 8 Desemba huitangulia kwa siku moja tu sikukuu ya uhuru. Wakatoliki wa Kenya hukusanyika kila Oktoba katika kituo cha hija cha Subukia, kaunti ya Nakuru, kwa siku ya kuliombea taifa. Lakini sehemu kubwa ya sala hii hufanyika majumbani, hasa Mei na Oktoba, jumuiya ndogondogo ya waumini majirani inapopokezana nyumba kwa nyumba rozari, sala ya tasbihi ya kutafakari matukio ya maisha ya Yesu na Maria, ambayo huitwa matendo. Mtu mmoja anatangaza tendo la pili la uchungu, Yesu anapigwa mijeledi, kisha anataja nia: tuiombee nchi yetu amani, na viongozi wetu haki. Baada ya hapo jina la nchi halitajwi tena. Zinafuata Salamu Maria kumi, na kila moja inaishia kwa "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu".