Paswedi ya waifai sio paswedi ya mafaili yako

Wiki hii ni mara ya tatu. Mtu anataka laptopu yake na ya mkewe zione folda moja iliyoko kwenye desktopu ya sebuleni, kahangaika jioni nzima, mwisho kazima ulinzi wa paswedi wa Windows kwenye kushea mafaili, kaweka Everyone (yaani kila mtu), kawapa wote ruhusa zote, ikakubali, akaenda kulala. Namuuliza sasa mbona umeacha wazi hivi, ananijibu bila wasiwasi: "Aah fundi, si humu humu ndani tu, na waifai ina paswedi."

Waifai ina paswedi. Jamani.

Hebu kaa chini uhesabu nani na nini vina hiyo paswedi. Wewe na wenzako nyumbani, sawa. Alafu TV. Alafu simu ya kila mgeni aliyewahi kuomba. Alafu ile kamera ya bei poa ambayo haijawahi kupata apdeti tangu itoke kwenye boksi, na simu ya zamani aliyopewa mtoto, imejaa magemu ambayo hata hujui yametoka wapi. Hiyo paswedi ni ufunguo wa geti tu, na geti umeshawafungulia watu kibao.

Watu wakisikia usalama wanamfikiria haka aliyejificha nje kwenye gari. Huyo msahau. Balaa linaanzia kwa mtu wa ndani kafungua kiambatisho cha barua pepe ambacho hakupaswa kufungua, laptopu yake ikapata virusi vya kudai fidia, na hivyo virusi havina haja ya kuvunja chochote, vinatumia ruhusa ambazo tayari umeipa hiyo laptopu. Folda yoyote ambayo laptopu inaweza kuiandikia kupitia mtandao vinaifunga, na bakapu yako kama iko humo humo inaenda na maji. Na kuna vinavyojisambaza vyenyewe. WannaCry ya Mei 2017 ilipita poti 445, mlango wa mtandao wa kushea mafaili, kwa tundu la SMB1 (SMB ni lugha ya Windows ya kushea mafaili, na SMB1 ni toleo lake la kale), na kiraka cha kuziba hilo tundu Microsoft walishakitoa tangu Machi. Ndo maana mtu akiniambia niwashie SMB1 ili kifaa chake cha zamani kione folda nakataa, hata akinuna.

Sasa tuje kwenye Everyone, maana hapa ndipo hata mafundi wenzangu wananichosha. Wanapiga kelele "usiweke Everyone!" kama vile hilo neno ndo lenye sumu. Kwenye Windows kuna tabaka mbili za ruhusa, za shea (za kuingia kupitia mtandao) na za NTFS (za folda lenyewe kwenye diski). Ukija kwa njia ya mtandao zinaangaliwa zote mbili na iliyobana zaidi ndo inayoshinda, ukikaa mbele ya mashine yenyewe za shea hazikuhusu kabisa, inabaki NTFS peke yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka Everyone kwenye shea, akabana NTFS kwa watu wawili, na folda ikawa salama tu. Na Everyone sio dunia nzima. Ulinzi wa paswedi ukiwa umewashwa, maana yake ni yeyote mwenye akaunti kwenye hiyo mashine, akithibitisha kuwa ni yeye. Ukiuzima, akaunti ya mgeni (Guest) inaruhusiwa kupita bila paswedi, na huyo Guest naye anahesabiwa ndani ya Everyone. Umeona tatizo lilipo? Ni ile swichi ya ulinzi wa paswedi. Mtu anafuta Everyone kwa mbwembwe, anamweka Guest kwa jina lake, swichi imezimwa vilevile, na anajiona mtaalamu.

Na kwa nini wanaizima? PIN! Miaka yote hii, PIN. Mtu anafungua kompyuta yake kwa tarakimu nne, siku laptopu nyingine ikimuuliza paswedi ya kuingia kwenye folda anaandika zile zile nne, inakataa, anaandika tena, inakataa, anaanza kuitukana Windows. PIN ni ya ile mashine tu, haisafiri kwenye mtandao. Kinachotakiwa ni paswedi ya akaunti, kama unaingia Windows kwa barua pepe basi ile ya akaunti yako ya Microsoft. Na kama akaunti haina paswedi kabisa, Windows kwa kawaida haiiruhusu kuingia kupitia mtandao.

Mimi siku hizi sibembelezani nayo. Kwenye mashine yenye mafaili natengeneza akaunti ya humo humo, isiyo ya admini, naiita mafaili, paswedi ndefu, hakuna anayekaa kuitumia kwa kazi nyingine. Kwenye laptopu, ikiniuliza jina, naandika jina la kompyuta yenye mafaili, mkwaju wa nyuma, mafaili, naweka paswedi, nahifadhi. Dakika tano.

Ila hapa najikwaa mwenyewe. Ukishahifadhi paswedi kwenye laptopu, virusi vya kwenye hiyo laptopu vinaingia kama wewe. Paswedi inamzuia mgeni na ile kamera, wewe mwenyewe haikuzuii. Kinachosaidia hapo ni ruhusa ya kusoma tu. Muvi, picha za zamani, nyaraka zilizoskaniwa, nani ana haja ya kuziandika upya kila siku? Zote ziwe za kusoma tu, alafu kuwe na folda moja ndogo ya kutupia vitu vipya, ukihamisha unahamishia kwenye mashine yenyewe. Inakera kidogo, najua. Ila kumbuka ukifuta faili kwenye folda ya mtandao, kwa kawaida haliendi kwenye kapu la taka, limekwenda. Na bakapu iwe kwenye diski unayoichomoa.

Mengine haraka haraka. Kuweka alama ya dola mwisho wa jina la shea kunaficha tu kwenye orodha, anayelijua jina anaingia. Kwenye Linux paswedi ya Samba, ile programu ya kushea mafaili, ni tofauti na ya kuingilia mashine, usisahau amri ya smbpasswd ya kuiweka. Poti 445 usiifungue kwenye rauta hata kwa siku moja, ukitaka mafaili ukiwa nje tumia VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani. Wageni wawekee waifai yao.

Kuhusu kusimba data yenyewe (kuifunga kwa msimbo) inapopita hewani, SMB3, toleo jipya, inaweza, na kwa WPA2, ulinzi wa kawaida wa waifai, mwenye paswedi ya waifai akidaka simu yako au laptopu ikijiunga anaweza kusoma inachotuma bila kusimbwa. Mimi nawasha kwa folda ya nyaraka, ya muvi naacha. Ila nikuambie ukweli, miaka yote sijawahi kukuta nyumba iliyoibiwa kwa njia hiyo, kwa hiyo ukiniuliza kama nazidisha, labda nazidisha.

Yule bwana nimemrudishia swichi, nikamtengenezea akaunti, laptopu zote mbili zikafunguka vizuri. Saa nne usiku kanipigia, TV haioni muvi. Kumbe TV yenyewe inajua SMB1 tu. Nimemwambia atumie flashi, kakata simu.