Khedive Ismail: Meli Iliyozama na Askari wa Afrika Mashariki

Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, saa nane na nusu hivi mchana, meli ya Khedive Ismail ilipigwa topido mbili, yaani makombora yanayopita chini ya maji, karibu na visiwa vya Maldivi. Haikuchukua hata dakika mbili kwenda chini. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Waliopona ni 214 tu. Sehemu kubwa ya waliokufa ni askari wetu, lakini leo hata pale Mombasa ilikong'oa nanga ni wachache waliopata kuisikia.

Haikuwa manowari. Iliundwa Greenock, Scotland, mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua, na kazi yake ilikuwa kupeleka abiria na shehena kati ya Valparaíso na New York. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Alexandria, Misri, ikapewa jina la mtawala aliyekuwa madarakani Mfereji wa Suez ulipofunguliwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Waingereza wakaitia katika kazi ya kusafirisha askari, kama walivyofanya kwa meli nyingi za biashara.

Mapema Februari 1944 ilitoka Kilindini, bandari ya Mombasa, kuelekea Colombo pamoja na meli nyingine nne, msafara ulioitwa KR-8. Wajapani walikuwa wameshika Burma, ile Bama ya wazee wetu, na vikosi vya Afrika Mashariki vilikuwa vikikusanywa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, vijiandae kwenda kupigana huko. Abiria 996 walikuwa wa Regimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, maofisa na askari. Walikuwamo pia wanamaji wa Uingereza na wanawake 83, wengi wao wauguzi wa jeshi.

Mchana ule kulikuwa na tamasha la muziki katika ukumbi wa meli, na watu wengi walikuwa wamekusanyika humo kusikiliza. Askari wengi nao walikuwa vyumba vya chini. Hilo ndilo linaloeleza ukubwa wa msiba: topido zilipasua upande wa nyuma na sehemu ya mitambo, meli ikalala ubavu, na aliyekuwa chini hakuwa na muda wa kupanda ngazi, seuze kushusha mashua. Kati ya wale wanawake 83, sita tu ndio waliokolewa.

Aliyepiga ni nyambizi ya Kijapani, I-27. Meli nyingine zilitawanyika pamoja na Hawkins, manowari iliyokuwa ikilinda msafara, maana kusimama kuokoa watu kungezifanya shabaha ya pili. Zikabaki manowari mbili ndogo za Kiingereza, Petard na Paladin. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya maji yaleyale ambamo manusura walikuwa wakielea wakishikilia vipande vya mbao. Petard ikatupa mabomu ya kulipukia chini ya maji, na baadhi ya waliokuwa wakisubiri kuokolewa wakafa kwa milipuko hiyo. Kapteni wa Petard alikuwa na hofu ya kweli kwamba nyambizi ile ingeachwa ingefuata meli zilizosalia zenye maelfu ya watu. Hata hivyo, kwa wale waliokuwa majini, ni vigumu kuwaza uchungu mkubwa kuliko huo.

I-27 ilipoibuka, Paladin ilikwenda kuigonga ikachanika ubavu wake yenyewe. Petard ilirusha topido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoizamisha.

Askari hawa hawana makaburi. Wanakumbukwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, mlangoni mwa makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, na kuingia ni bure. Aliye mbali anaweza kutafuta jina kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, bila malipo. Ukitafuta, anza na tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, kisha kikosi, yaani East African Artillery. Jina liache mwisho, nalo lijaribu kwa tahajia mbalimbali, kwa sababu makarani wa jeshi waliandika majina ya Kiafrika kama walivyoyasikia, na mara nyingi jina moja tu ndilo lililosajiliwa.