Uongo niliolishwa kuhusu gari za misuli za Kimarekani, mwingine na baba yangu mwenyewe

Baba yangu ni mtu wa Tanga, kafika Michigan mwaka 1984 na koti jepesi lisilojua baridi, na kitu cha kwanza kikubwa alichonunua alipopata kazi hakikuwa kitanda, ilikuwa Pontiac ya 1968 iliyokuwa imelala kwenye majani nyuma ya nyumba ya mtu, kioo cha nyuma kimepasuka na panya wamezaliana ndani ya siti. Mimi nimezaliwa nimeikuta. Kazi yangu toka nina miaka mitano ni kushika tochi, "mama, mulika hapa, siyo hapo, hapa," na mliowahi kumshikia mzee tochi mnajua hata umulike wapi lazima umekosea tu.

Kwenye gereji ile ndiko nimesikia karibu kila ninachokijua kuhusu hizi gari, halafu nimekua nikaja kugundua nusu yake siyo kweli, na kinachonichekesha zaidi ni kwamba mwingi wa uongo huo hawakuutunga mashabiki, waliutunga waliokuwa wanaziuza.

Tuanze na kubwa lao, eti gari yoyote ya zamani ya Kimarekani yenye V8, yaani injini ya silinda nane, ni gari ya misuli. Hapana bwana. Impala ile ndefu kama jahazi ni gari ya familia, Corvette ni ya watu wawili na iko kwenye kundi lake. Mustang ya Ford ilipotoka Aprili 1964 injini yake ya kuanzia ilikuwa ya silinda sita, hosipawa 101 basi, na watu kibao walizinunua hivyo hivyo za kuendea kazini. Gari ya misuli, kwa maana wanayokubaliana wengi, ni gari ya saizi ya kati, bei ya mtu wa kawaida, halafu imechomekwa injini kubwa iliyokusudiwa gari kubwa. Na hapa kuna ujanja ninaoupenda sana. General Motors, wenye Pontiac na Chevrolet, walikuwa na sheria yao ya ndani kwamba gari za saizi ile injini isizidi inchi za ujazo 330. Mhandisi John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakatia ya 389, ila hawakusema hii ni gari mpya, wakaiandika kama nyongeza ya kuchagua kwenye Tempest LeMans, kama vile mteja anavyochagua redio! Wakubwa kuja kushtuka, oda zimeshamiminika, na mwaka ule wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000. Ndiyo GTO hiyo. Jina LeMans lishikeni, nitalirudia.

"Zilikuwa gari za matajiri." Hii inatokana na bei za mnadani leo. Wakati ule mteja alikuwa kijana wa kiwandani. Plymouth Road Runner ya 1968 ilianzia chini ya dola 3,000, siti ya mbele benchi moja, chini raba badala ya kapeti, yaani walivua kila kitu isipokuwa injini. Halafu watu hao hao waliobania kapeti wakawalipa Warner Bros. dola 50,000 watumie jina na picha ya yule ndege wa katuni, na honi wakaitengeneza ilie kama yeye, bip bip. Baba anasema hiyo ndiyo akili ya biashara. Mimi nasema wangetia kapeti.

Kuna wale wa "GTO iliipiga Ferrari". Hii baba alikuwa anaisimulia kama aliiona kwa macho, na mwaka 1964 alikuwa bado anachunga mbuzi. Kilichotokea ni kwamba gazeti la Car and Driver la Machi 1964 liliweka GTO ya Pontiac na GTO ya Ferrari pamoja kwenye jalada, ila jalada lenyewe ni la kuchorwa, hizo gari hazikushindanishwa. Na Pontiac waliyoijaribu ikatoa muda wa kutisha? Jim Wangers, aliyekuwa mtu wa matangazo wa Pontiac, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba ndani hamkuwa na ile 389 ya dukani, walishaitoa wakaweka 421. Nilipomsomea baba hiyo aliniangalia kama nimemtukania mtu wake.

Chevrolet nao walikuwa vilevile, 1966 waandishi wa habari wanauliza jina la gari yao mpya, Camaro, maana yake nini, wakajibiwa ni kamnyama kadogo kakali kanakokula mustang. Ule ulikuwa utani wa kumchokoza Ford, lakini nimekutana na mtu mzima kabisa anayeamini huyo mnyama yupo.

Sasa hosipawa, maana hapa ndipo watu wanapogombana. Mtu anakwambia Hemi 426 ya mtaani, ile injini kubwa ya Plymouth na Dodge, ilikuwa na 425, gari ya leo inafika 300 tu, kwa hiyo za leo maji matupu. Ukweli ni kwamba kabla ya 1972 kampuni za Marekani zilikuwa zinapima injini ikiwa imewekwa kwenye stendi, haijafungwa altaneta, haina kisafisha hewa, haina ekzosi ya kweli, yaani ni kama kumpima mkimbiaji kabla hajabebeshwa mzigo. Kuanzia 1972 wakahamia kipimo cha injini ikiwa na vitu vyake vyote, na ghafla namba zikaanguka, Cadillac yenye injini ile kubwa ya inchi 500 iliandikwa 365 mwaka 1971 ikaandikwa 235 mwaka 1972. Watu wakadhani wameibiwa injini! Wakati huohuo kuna zilizokuwa zinadanganya kwa kushuka, Camaro ile ya mbio, Z/28, iliandikwa 290 na kila aliyeiendesha alijua zaidi ya hapo, sababu ukiandika namba ndogo bima haishtuki na kwenye mashindano unapangwa na wanyonge. Kwa hiyo namba ya kwenye karatasi ya 1968 mimi siiamini, iwe kubwa iwe ndogo.

Na hilo linanipeleka kwenye kitu ambacho nyumbani kwetu hakizungumzwi mezani. Mama anaendesha Camry, ile ya V6 ya 2018, hosipawa 301. Robo maili inaenda sekunde 14 na kidogo. Gari nyingi za misuli za 1968 zikiwa kama zilivyotoka kiwandani, na vile vitairi vyembamba, zilikuwa hapo hapo au nyuma yake. Camry, jamani. Gari ya kwenda nayo kwenye harusi.

Kwamba hazikati kona wala hazisimami, hapo nitakubali nusu. Ya kwetu ina breki za dramu pande zote na zikilowa mvua inavuta kushoto kama mbuzi aliyeona majani, siku moja tumeteremka daraja mimi nimeshika dashibodi kwa mikono miwili na baba anasema "tulia, inajua njia." Lakini hiyo Z/28 iliundwa kwa ajili ya mbio za Trans-Am ambazo ni kona tupu, injini yake ya inchi 302 ilipunguzwa makusudi iingie kwenye kikomo cha lita tano, na dereva Mark Donohue akaipa Chevrolet ubingwa 1968 na 1969. Kwa hiyo inategemea unasemea gari gani.

"Waarabu waliziua walipofunga mafuta Oktoba 1973." Hapana, walikuta maiti. Bima zilikuwa zimeshapanda hadi kijana analipia bima pesa ya kununulia gari nyingine, sheria ya hewa safi ilipitishwa 1970, General Motors wakashusha mgandamizo wa injini zao kwenye gari za 1971 ili zinywe petroli yenye risasi kidogo, na Hemi ya mtaani mwaka wake wa mwisho ni huohuo 1971. Mafuta yalikuja kumalizia matanga.

Imebaki moja, na hii ndiyo iliyoniuma. Watu wanaamini beji. Beji ni kitu cha skrubu mbili, inauzwa. Ukitaka kujua gari soma namba yake ya kiwandani, ile iliyogongwa kwenye kibati. Plymouth na Dodge za 1970 na 1971 herufi ya tano ikiwa R hapo una Hemi 426. Chevelle za Chevrolet za 1966 hadi 1968 zikianza na 138 ni SS kweli, yaani ile ya misuli, ila kuanzia 1969 namba haikusaidii tena, utafute karatasi. Pontiac kuanzia 1966, GTO inaanza na 242.

Kiangazi kilichopita tunajiandaa kwenda Woodward Avenue, Jumamosi ile ya tatu ya Agosti ambapo Detroit nzima inatoa gari zake nje, mimi nafuta kioo cha mbele kwa ndani, na pale juu ya dashibodi upande wa dereva kuna kile kibati. Tumekiosha mara elfu. GTO yetu, yenye beji tatu na bampa la raba la mbele, ile gari niliyoitambia shuleni miaka yote, inaanza na 237.

237 ni LeMans.

Nikamwita. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa tena. Karatasi za gari zimeandikwa Pontiac milango miwili basi, kwa hiyo aliyemuuzia wala hakudanganya kwa maandishi. Nilidhani atakasirika. Akakaa kwenye ndoo yake ya oili muda mrefu, halafu akasema, "Sasa GTO ya kwanza si ilikuwa LeMans iliyotiwa injini kubwa?"

Nikamwambia baba, ndiyo, lakini hatujui kama hii ina injini kubwa. Maana injini za Pontiac za inchi 350 na 400 kwa nje ni mapacha, na yeye injini hajawahi kuishusha, jibu liko kwenye herufi mbili zilizogongwa mbele ya bloku upande wa abiria, chini ya miaka hamsini ya grisi.

Akafungua boneti. Akachukua brashi ya waya na kitambaa, akainama.

"Mama, mulika hapa."

Nikamulika.

"Siyo hapo."