Dozi ya mwisho ya saratani ya utumbo siyo mwisho wa shughuli

Wengi tunaamini kwamba mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akishapasuliwa na kumaliza dripu za dawa, amepona, arudi kazini. Sivyo. Aliyekatwa sehemu ya chini, karibu na njia ya haja kubwa, anaweza kwenda chooni mara nyingi kwa siku, tena haja ikimbana ghafla. Ndiyo maana harusini anakaa karibu na mlango, si majivuno. Oksaliplatini, moja ya dawa za dripu hizo, nayo huacha ganzi vidoleni, na ganzi hiyo yaweza kuwa kali zaidi hata miezi kadhaa baada ya kuiacha dawa: kufunga vifungo vya shati kunakuwa mtihani. Uchovu wa mgonjwa nao hauishi kwa kulala.

Na lile la “pumzika tu, usijichoshe”? Nalo lina walakini. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2025 ulionyesha kuwa waliosimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka 3 baada ya dawa walirudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliopewa vijitabu vya ushauri peke yake. Kutembea kwa kasi kumo. Ila kliniki asiiache: kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana, hufanywa takriban mwaka 1 baada ya upasuaji, hata akijisikia mzima.